Kopo la Sukari la Kilo Mia Tisa

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na hakuna haja ya kuzungukazunguka. Wengine wangesema ni bahati mbaya, wengine wangemsingizia shetani, lakini shetani siku hiyo hakuwa zamuni. Aliyekuwa zamuni ni Kasuku, mbandikaji wa lebo katika kiwanda cha kuunganisha magari ya mizigo, mtu mwenye mdomo usio na breki na mikono miwili aliyoisifia kuliko ilivyostahili.

Kazi yake ilikuwa nyepesi ukiitazama kwa mbali. Gari likishapakwa rangi na kufungwa viti, linasogezwa mpaka mbele yake. Anafungua mlango wa dereva, anafuta nguzo ya mlango kwa kitambaa chenye spiriti, anabandua lebo, anaibandika, anaikandamiza kwa kidole gumba toka juu hadi chini. Lebo yenyewe ina ukubwa wa kiganja. Inasema gari libebe mzigo kiasi gani na matairi yajazwe upepo kiasi gani. Msimamizi wa zamu alipenda kusema kwamba hicho ndicho kipande pekee cha gari kinachoongea, ndiyo maana wakampa Kasuku.

Magari yalikuwa ya aina mbili. Madogo wafanyakazi waliyaita mbuzi, mzigo wake mwisho kilo mia tisa. Makubwa waliyaita ng'ombe, mwisho kilo elfu moja na mia tano. Ukisimama mlangoni yanafanana kama mapacha; tofauti iko nyuma, kwenye urefu wa bodi na unene wa springi. Utaratibu haukubadilika: asubuhi ng'ombe kumi na wawili, mchana mbuzi kumi na wawili. Kasuku alitia lebo za ng'ombe mfuko wa kushoto wa aproni, za mbuzi mfuko wa kulia, na kwa miaka sita mkono ulijua wenyewe pa kuanzia.

"Macho ya nini?" alikuwa akiwaambia wenzake. "Mkono wangu umesoma kuliko nyinyi wote."

Siku ile rangi ya ng'ombe ilitoka na vipele. Ikabidi wapigwe msasa upya, na mbuzi wakatangulizwa. Msimamizi alitangaza, Kasuku akasikia, hata akajibu, "Sawa, bosi." Kisha akaendelea na hadithi aliyokuwa akiwasimulia wafunga viti, ya mzee mmoja aliyekwenda kumposea mwanawe akarudi ameposa yeye. Hadithi ilikuwa tamu. Aliisimulia uso ukiwaelekea wasikilizaji na mgongo ukiyaelekea magari, na mara kumi na mbili mkono wake ukaingia mfuko wa kushoto.

Aligundua saa tisa, ng'ombe wa kwanza alipofika. Alikuwa ameshabandua lebo kutoka mfuko wa kulia na kuinyoosha karibu na nguzo, fundi mmoja akabamiza lango la nyuma ya bodi. Mlio ule ulikuwa mzito, mlio wa gari kubwa. Kasuku akageuka, akatazama bodi, halafu akatazama kiganja chake. *Mzigo usizidi kilo 900.* Jasho likamtoka mpaka kwenye kope.

Mbuzi kumi na wawili walikuwa wameshaondoka wakiwa na lebo za ng'ombe. Lakini hawakuwa wamefika mbali. Kupitia mlango mkubwa aliliona trela uwanjani, limewapakia wote kumi na wawili, na dereva wake amekaa kwenye ngazi akinywa chai. Zilikuwa hatua mia mbili. Alizipima kwa macho. Dereva yule alikuwa mnywaji wa polepole, wa kupuliza kila funda.

Kilichomzuia kilining'inia kwenye msumari, karibu na meza ya chai: usukani wa gari uliovunjika. Mwezi uliotangulia mfunga viti mmoja alisahau boliti, mkaguzi akakalia kiti, akaenda chali miguu juu. Ni Kasuku aliyeuokota ule usukani kwenye taka. Ni Kasuku aliyemvika mwenzake shingoni na kumtangazia hukumu kwamba atauvaa zamu nzima, na kila atakayekutana naye lazima amwambie "pii pii." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo ikawa sheria: anayekosea anavishwa usukani, na mshereheshaji ni Kasuku. Mfunga viti yule aliuvaa na kunyamaza, ila alisema jambo moja tu: "Siku yako nitaleta na filimbi."

Basi akasimama pale, lebo kidoleni, akiliangalia trela na kuusikia mlio wa filimbi. Dereva akakung'uta kikombe, akapanda, akawasha. Trela likatoka getini. Na Kasuku, Mungu amsamehe, akashusha pumzi kama mtu aliyepona.

Sasa alikuwa na lebo kumi na mbili za mbuzi zisizo na mbuzi, na ng'ombe kumi na wawili wasio na lebo. Akaenda kwenye dirisha la mchapaji.

Mchapaji alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mke wake, na ndiye aliyemwingiza kiwandani. Kiwanda kizima kilimwita Mama Mkasi. Lebo ikiharibika, umpelekee, yeye aikate vipande viwili mbele yako, aandike kwenye daftari, ndipo akuchapie nyingine. Hata meneja aliwahi kurudishwa dirishani akatafute lebo aliyodai imechanika.

"Shemeji," Kasuku akasema, "nipe kumi na mbili za ng'ombe. Zile za asubuhi wino umefifia."

"Umefifia? Wino wangu?"

"Ulikuwa unasomeka kama barua ya mdaiwa. Hata kilo sikuziona."

"Ziko wapi nizikate?"

"Nimeshatupa, zilinichafua mikono. Fanya haraka basi, ng'ombe wanalia huko."

Mama Mkasi alimtazama juu ya miwani. Kama angekuwa mtu mwingine angemrudisha. Lakini huyu ndiye aliyembebea mama yao mgongoni kutoka ghorofa ya tatu alipougua, huku akimtania kwamba amenenepa. Akavuta daftari, akaandika: *Zimechapwa upya kumi na mbili, ng'ombe. Wino kufifia.* Akatia saini. Kisha akaifungua mashine na kuisafisha yote, kwa sababu neno lile lilimuuma.

Zile kumi na mbili za mbuzi Kasuku alizitia kwenye begi azichome akifika nyumbani. Hakuzichoma. Alilala, na mkewe akafua aproni, akafungua begi, akaziona.

"Hizi ndizo gundi za kiwandani?" akauliza asubuhi. "Zinashika hizi."

Kasuku angesema nini? Alisema, "Zinashika."

Mkewe akabandika moja kwenye beseni lililopasuka, mbili kwenye mfuniko wa redio, moja kwenye mguu wa stuli. Nyingine ziliishia huku na kule, na moja akaipiga kwenye kopo la sukari ambalo maandishi yake ya zamani yalikuwa yamechubuka. Kwa miezi minane Kasuku akawa anakunywa chai mbele ya kopo linalomwambia *Mzigo usizidi kilo 900*. Wageni walicheka. Yeye akachangia kucheka, akisema mke wake anampimia sukari. Kisha alianza kunywa chai bila sukari, na mkewe akadhani ni mambo ya afya.

Mwezi wa tisa, tangazo likabandikwa kwenye ubao. Magari madogo kumi na mawili yarudishwe mara moja. Lebo zake za mzigo na upepo si sahihi. Wenye magari wasibebe chochote mpaka zibadilishwe. Wafanyakazi walisoma wakitikisa vichwa. Mfunga viti alisema, "Afadhali lebo tu, si breki." Kasuku akacheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kumi na moja waliletwa. Kasuku alizibandua lebo za zamani kwa kikwaruzo na maji ya moto, moja baada ya nyingine, na alizijua. Kila moja ilikuwa imenyooka, haina hata kiputo cha hewa. Kazi safi kabisa.

Wa kumi na mbili hakuletwa. Ilibidi Kasuku na msimamizi wamfuate.

Alikuwa ameegemea ukuta wa nyumba, ubavu mmoja umebonyea, springi za nyuma zimelala kama ulimi. Mwenye gari alikuwa muuza maji. Alikaa kibarazani, mguu wa kulia una plasta mpaka pajani, fimbo mbili za kutembelea zimelazwa pembeni. Msimamizi alimpa pole, akamweleza kwa lugha ya ofisini kwamba kumetokea hitilafu katika maelezo.

"Ingia ukaone maelezo yako," muuza maji akasema. "Mlango unafunguka bado."

Kasuku alifungua. Lebo ilikuwa pale, safi. Chini yake, kwa kalamu ya wino wa buluu, mtu alikuwa amepiga hesabu: madumu sabini, kila dumu kilo ishirini na moja. Jumla elfu moja mia nne na sabini. Na pembeni ameandika, *bado nafasi ya moja*.

"Hiyo hesabu nilipiga mimi," muuza maji alisema kutoka kibarazani. "Na hilo moja la ziada sikulipakia. Nikasema nisilichoshe gari. Tulipofika mteremkoni nikakanyaga breki, likanicheka. Hapo mtaani wote wananiambia nilizidisha. Mke wangu naye ananiambia nilizidisha. Mimi sikuzidisha, ndugu zangu. Nilisoma."

"Hatujasema umezidisha, mzee," msimamizi akasema.

"Basi waambieni na hao wengine."

Kasuku, ambaye hajawahi kukosa la kusema hata msibani, alikwaruza lebo ile kimya. Alipofika kwenye hesabu ya buluu mkono ukakataa. Akaiacha. Akabandika mpya juu, hesabu ikabaki inaonekana chini yake.

Walipokuwa wanarudi msimamizi alisema, "Watamfukuza Mama Mkasi. Umesikia?"

"Kwa nini?"

"Daftari. Siku ile ile magari hayo yalipotoka aliandika wino ulififia, akachapa upya kumi na mbili. Wanasema mashine ilikuwa mbovu akaendelea kuchapa, lebo zikachanganyika. Kesho saa nne anaitwa. Miaka kumi na tisa yote hiyo." Alitikisa kichwa. "Na mambo yenyewe kaandika kwa mkono wake. Angekuwa mwongo angepona."

Kasuku alitazama dirishani njia nzima.

Jioni, jua bado halijashuka, shemeji yake alikuja. Hakuja kulia, alikuja kukaa. Alivua viatu mlangoni, akavuta ile stuli yenye lebo mguuni, bahati nzuri ikiwa imegeukia ukutani. Mkewe alikuwa ameshaweka maji ya chai.

"Wanasema wino," Mama Mkasi alimwambia mdogo wake. "Nimelala nikiufikiria huo wino. Niliifungua ile mashine siku hiyo, nikaisafisha, haikuwa na kitu. Ila shemeji aliziona. Eti shemeji? Zilififia kiasi gani?"

"Ee," Kasuku akasema. "Kiasi."

"Kiasi gani? Zilikuwa za kijivu, au zilikatikakatika? Maana kama zilikatika ni kichwa cha mashine, na kichwa wao ndio walikataa kubadilisha. Hapo naweza kujitetea."

Alikuwa anamwomba amsaidie kujitetea dhidi ya uongo wake mwenyewe. Kasuku alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza ule mdomo ukawa na breki. Na katika kufumba na kufumbua mkewe akaleta sinia: vikombe, kijiko, kopo.

"Hilo acha," Kasuku akaruka. "Sukari hiyo ina sisimizi."

"Sisimizi gani? Nimeifunika vizuri."

"Nimewaona mimi."

"Wewe huigusi miezi minane, umewaona lini?"

Walivutana kopo pale juu ya sinia kama watoto wa shule, mkewe akicheka, akidhani ni mizaha yake ya kila siku. Mama Mkasi naye akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akanyoosha mkono, akalichukua yeye, ugomvi uishe.

Tabasamu likabaki usoni kidogo, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa. Akalisogeza kopo karibu na miwani. Kwenye pembe ya kila lebo huwa kuna tarakimu ndogo za tarehe, ndogo kama mayai ya chawa, ambazo ni yeye tu husoma. Akazisoma. Akaligeuza kopo, akazisoma tena. Kisha macho yake yakaenda kwenye beseni, kwenye redio, yakarudi.

"Mbuzi," akasema. "Za siku ile."

Akapitisha kidole juu ya tarakimu za kilo.

"Hazikufifia."

"Shemeji, nilitaka kukwambia."

Mama Mkasi alifungua kopo, akatia sukari vijiko viwili, akakoroga. Alikunywa kikombe kizima, na kila funda Kasuku alilisikia likishuka. Alipomaliza, akavaa viatu vyake. Mlangoni akasema, "Kesho saa nne," kama mtu anayemkumbusha mwenzake harusi, akaondoka.

Mkewe aliuliza mara moja tu, naye akamweleza yote: hadithi ya mzee wa posa, trela, chai ya dereva, usukani. Hakumpigia kelele. Alisema, "Kwa hiyo dada yangu anafukuzwa ili wewe usiambiwe pii pii." Ukisema hivyo, kwa kifupi hivyo, kweli haikuwa na pa kujifichia.

Asubuhi Kasuku alitaka kumwaga sukari achukue kopo tupu. Mkewe akamzuia. "Nenda nayo. Wakikufukuza utapata cha kutia kwenye chai."

Alifika kiwandani mapema. Alikwenda kwenye meza ya chai, akaushusha usukani kwenye msumari, akajivika. Wafunga viti waligeuka. Alisimama mbele yao, kopo kwapani, akawaambia, "Zile lebo ni mimi. Wino haukufifia. Nilibandika bila kutazama, nikadanganya." Akangoja. Aliyekuwa ameahidi filimbi alikuwa pale pale, mikono mfukoni. Hakucheka mtu. Hakuna hata aliyesema pii. Kasuku hakujua kwamba kimya cha watu aliowachekesha miaka sita kina uzito wa namna ile. Afadhali wangempigia filimbi mpaka masikio yazibe.

"Vua hiyo," msimamizi akasema taratibu. "Leo si siku ya mchezo. Twende juu."

Chumba cha mkutano kilikuwa na meza ndefu na viti sita. Meneja alikaa mwisho, daftari la Mama Mkasi limefunguliwa mbele yake kwenye ukurasa wenye saini. Mkaguzi wa ubora alikuwa upande mmoja. Mama Mkasi upande wa pili, mkoba magotini, mgongo umenyooka. Hakumtazama shemeji yake alipoingia.

Kasuku aliweka kopo mezani na kusema aliyotoka kuyasema chini, safari hii yote, hata hatua mia mbili alizozipima kwa macho. Hakutia mzaha. Mkaguzi alichukua kopo, akasoma lebo, akalinganisha tarehe na daftari, akalisukuma kwa meneja. Sukari ikatembea ndani kama mchanga.

"Wewe utangoja barua yako nyumbani," meneja alimwambia Kasuku. "Hilo halina mjadala."

"Sawa, bosi." Neno lile lile la siku ile. Alilisikia mwenyewe, akainamisha kichwa.

"Lakini hili halimsafishi mama." Meneja aligonga ukurasa kwa kidole. "Sheria ni yake mwenyewe: lebo mbovu iletwe, ikatwe mbele yake. Hakuziona. Angezidai siku hiyo, trela lingefuatwa njiani. Aliandika kitu ambacho hakukiona."

"Mimi ndiye niliyemharakisha," Kasuku akasema. "Alinidai. Nilimwambia nimetupa."

"Sijakuuliza wewe. Mama, ulikuwa na mkasi, ulikuwa na sheria. Kwa nini uliandika?"

"Kwa sababu alisema yeye ndiye aliyezishika," Mama Mkasi akajibu.

"Na ukaamini tu."

"Nikaamini."

"Miaka kumi na tisa kazini, unaamini neno la mtu bila kukagua. Sasa mama, kampuni itamweka vipi kazini mtu wa namna hiyo?"

Mkaguzi aliinamia karatasi zake. Msimamizi alitazama dari. Mama Mkasi akalivuta daftari lake taratibu kutoka mbele ya meneja, akalifunga, akalitia mkobani. Ndipo akageuza macho, na kwa mara ya kwanza tangu jana yakapita kwa shemeji yake, yakatua hapo kidogo, yakaenda mpaka mwisho wa meza.

"Mimi niliandika alichosema mtu wenu," akasema. "Muuza maji akabeba kilichoandikwa na gari lenu. Kama kuamini ndilo kosa langu, basi nifukuzeni, halafu mkitoka hapa mpitie kwake mkamvunje na ule mguu wa pili."